Nani Ataniitikia

Mashine ilikuwa imeuliza swali, na mtu aliyepaswa kulijibu alikuwa amekwenda Ngorongoro kuwaonyesha wageni faru.

Swali lilikaa kwenye kioo cheusi cha kompyuta tangu asubuhi, kwa herufi nyeupe, na mwishoni mwake kistari kidogo kikawa kinawaka na kuzimika, mithili ya mtu aliyesimama kizingitini akipepesa macho na kungoja akaribishwe. Evarista, binti aliyechapa barua na matangazo ya parokia katika chumba kile, alipita mbele yake akiwa na ufagio, akapita tena akiwa na chai, akapita tena akiwa na mikono mitupu. Hakuligusa. Alikuwa ameambiwa asiguse. Alasiri, upepo wa Karatu ulipoanza kupenyeza vumbi jekundu chini ya mlango, aliifunika mashine kwa kitambaa cha kufuma, akafunga chumba, akaenda zake. Jioni umeme ukakatwa kwa zamu ya mgawo, kama ulivyokuwa ukikatwa mwaka ule mzima wa 2006. Uliporudi, swali halikuwapo tena. Palikuwa na giza la kioo na mstari mmoja tu wa maneno, wa kusema kwamba kazi haikukamilika.

"Haikukamilika," alisoma Mwalimu Selestina, akiwa amesimama mbele ya mashine hiyo, mkoba umebanwa kwapani. "Angalau yenyewe inasema kweli."

Alikuwa amestaafu ualimu siku nyingi, lakini ualimu ulikuwa haujamwacha. Watu wa Rhotia waliokwishakuwa na wajukuu bado walificha sigara walipomwona akishuka kilimani. Evarista, ambaye ni mjukuu wake wa damu, alisimama nyuma ya kiti akivuta vidole vyake kimoja kimoja.

"Huyo Edgar wenu aliondoka ikiwa inafanya nini?"

"Ilikuwa inapandishwa toleo, Bibi. Edgar alisema mfumo wetu wa Linux umezeeka. Akashusha vifurushi vya programu mpya kwenye mtandao, wiki nzima, kidogo kidogo. Juzi akaviamuru vijifungue na kujipanga. Akaona vinakwenda vizuri, akasema vitamalizika vyenyewe."

"Vitamalizika vyenyewe." Mwalimu aliyarudia maneno hayo polepole, kama mtu anayeinua panya kwa mkia. "Na sasa?"

"Vingine vimefunguka lakini havijapangwa. Vingine havijafunguka kabisa. Vya zamani vingine vimekwisha kuondolewa. Yaani sasa si ya zamani, si mpya."

"Na sauti ya babu yako?"

Evarista aliinamisha kichwa. "Imo humo ndani, Bibi."

Hilo ndilo lililomtoa Selestina Rhotia asubuhi ile, akapanda gari la mizigo lililopakia maharage na kushuka nalo hadi mjini. Jumamosi Evarista angeolewa. Kwa desturi ya Wairaqw binti hatoki nyumbani kwao mikono mitupu hata akipewa vyombo vya nyumba nzima; hutoka akiwa amebarikiwa kwa slufay, ile dua ndefu ya kishairi ambayo mzee huisema akisimama katikati ya watu. Na katika kata zote, kuanzia Rhotia hadi kule Baray jua linakozamia ziwani, aliyejua kuisema hivyo watu wakasahau kujikuna alikuwa Bartolomeo, mume wa Selestina. Lakini Bartolomeo alipigwa na kiharusi wakati wa mvua za vuli. Mguu ulirudi nusu, mkono ulirudi robo, na ulimi haukurudi. Wajukuu wake wakubwa wote walitoka na maneno yake. Huyu wa mwisho, aliyempenda kuliko alivyokubali kusema, angetoka na nini?

Angetoka na sauti iliyohifadhiwa. Mwaka uliopita, mzee akiwa mzima, Edgar aliinasa dua yake humo chumbani, kwa kipaza sauti na programu aliyoitafuta mwenyewe. Tangu siku ile hakuna aliyekumbuka kuitoa na kuiweka mahali pengine. Nani huweka akiba ya maji huku mto unapita mlangoni?

Mlango ulisukumwa, akaingia Josephati, mdogo wake Bartolomeo na mwenyekiti wa kamati iliyosimamia chumba kile. Alikuwa mtu mnene mwenye haraka, na alikuwa na tabia ya kuingia mahali akiwa amekwisha kuamua.

"Shikamoo, shemeji. Pole na safari. Naona umeliona balaa letu."

"Marahaba. Nimeona uzembe wenu. Balaa huja lenyewe."

Josephati alicheka kwa pua. "Basi usijali. Kesho linakwisha. Nimemwambia Edgar aifute yote, aweke mfumo mpya kuanzia sifuri. Jioni ataingiza ile sahani yake ya CD, keshokutwa tunachapa kadi za mchango."

"Aifute yote?"

"Yote. Ndiyo njia ya mkato."

"Na sauti ya kaka yako?"

"Shemeji." Alivuta kiti akakaa, akaweka mikono juu ya magoti kwa upole wa kutengeneza. "Tuliuliza. Ile sauti ni kubwa, flashi ya Edgar haimezi hata nusu yake. Kutuma mtu Arusha akatafute kubwa zaidi, mashine imelala, kamati inanilaumu. Halafu nimekwisha kupata mshereheshaji. Kijana wa Arusha, ana suti ya kung'aa, ana maneno matamu. Atawabariki watoto kwa Kiswahili kizuri, hata wakwe wa Moshi wataelewa."

"Atawabariki."

"Anabariki vizuri sana. Nimemsikia kwenye harusi ya Modest. Watu walipiga makofi."

Selestina aliuhamisha mkoba kutoka kwapa moja hadi la pili. Alipokuwa kijana angalipaza sauti. Uzee ulimfundisha kwamba hasira ni kama kisu cha jikoni: kinachokata ni kile kisichotikiswa.

"Josephati," alisema, "nyumba ya baba yenu iliposhika moto upande mmoja, wewe ulikuwa mgongoni mwa mama yako. Hukuona. Kaka yako aliona. Majirani walisema wauache moto umalize, watajenga upya. Baba yenu akawaambia, mkijenga upya mtajenga nyumba yenu, si yangu. Wakaing'oa ile miti iliyoungua mmoja mmoja, wakaweka mingine. Umelala katika nyumba hiyo hadi ukaoa. Leo hujui njia nyingine ila sifuri?"

"Shemeji, hii ni kompyuta, si nyumba."

"Nimeona. Nyumba isingeniambia ukweli hivi." Akaelekea mlangoni. "Kesho asiifute mtu kabla sijafika. Ukiifuta, harusini usinisalimie."

*

Njia nzima ya kurudi Rhotia hasira ilikaa naye kama abiria asiyelipa nauli. Mashamba ya maharage yalikuwa yamevunwa, na juu ya mabaki makavu wanawake walikuwa wameinama wakiokota punje zilizoruka magunia. Mbali, ukingo wa msitu wa Ngorongoro ulikuwa umevaa ukungu wake kama kawaida. Magari ya wageni yalimpita yakipanda huko kwa mwendo wa watu wanaoamini kwamba kilichoko mbele ndicho tu kinachostahili kutazamwa.

Alimkumbuka Edgar siku ile ya kunasa sauti. Kijana wa Machame, mwenye heshima usoni na haraka miguuni, alikuja Karatu kufuata utalii na akapenda mashine kuliko wanyama. Wazee sita au saba walikuwa wamefuatana na Bartolomeo, wamevaa mablanketi yao, tayari kwa kazi yao, kwa maana slufay si hotuba. Mzee husema mstari, akanyamaza. Na wote waliomzunguka huitikia kwa sauti moja nzito itokayo kooni, isiyo neno ila ni zaidi ya neno. Ndipo husema mstari mwingine. Asiyeitikiwa hana dua, ana kelele.

Edgar aliwatoa wazee nje.

"Wazee wangu, samahani sana, mtaniharibia sauti," alisema. "Nataka itoke safi. Mzee peke yake tu, na kimya kabisa."

Walitoka wakaketi barazani, mikono imekunjwa, kama wageni waliokaribishwa kunawa kisha wakanyimwa chakula. Bartolomeo alibaki ameshikiwa kipaza sauti mbele ya mdomo. Alimtazama mkewe.

"Nani ataniitikia?" aliuliza.

"Sema tu, Babu," Edgar alisema. "Tutasikia baadaye."

Bartolomeo akasema. Lakini hakuweza kusema kwa namna nyingine ila ile aliyorithi. Kwa hiyo kila mwisho wa mstari alinyamaza, akangoja muda ule ule ambao watu wangeitikia, akaendelea. Dua yote ilijaa mashimo. Selestina alikasirika siku ile na hasira hiyo hakuimaliza. Aliikunja tu, akaiweka.

Alipofika nyumbani alimkuta mumewe kwenye kiti chake cha ngozi karibu na mlango, blanketi magotini. Bartolomeo alimwona akainua mkono mzima na kutoa sauti. "Nnn—" alianza.

"Ndiyo, nimefika," alisema Selestina, akimfuta mate pembeni mwa mdomo kwa pindo la kanga. "Umekula?"

"Mmmh... nnn—"

"Umekula. Naona bakuli. Baridi? Subiri nikuletee blanketi la pili."

Mzee alitikisa kichwa, akaelekeza kidole barabarani, kule mjini mkewe alikotoka, kisha sikioni kwake. Lakini Selestina alikuwa amekwisha kuingia ndani. Tangu kiharusi aliyajua mahitaji yake yote kabla hayajatamkwa, na alijivunia hilo. Alimmalizia kila sentensi. Nyumba haikuwa na nafasi tupu hata moja.

Aliporudi na blanketi, kidole bado kilikuwa sikioni.

*

Asubuhi hakwenda parokiani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kituo cha mafuta barabara kuu, mahali magari ya safari hujipanga kabla ya kupanda kwenye kreta ya Ngorongoro. Alimkuta Edgar akipakia visanduku vya chakula cha mchana nyuma ya gari la kijani, miwani ya jua juu ya nywele. Ndani ya gari waliketi wageni watatu wenye kofia pana.

"Shikamoo, Mwalimu!" Edgar alisema, akiiondoa miwani haraka.

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

"Nawapeleka hawa chini kreta, Mwalimu. Jioni nikirudi nitapitia pale parokiani, Mzee Josephati kaniambia niifute. Ni kazi ya dakika mbili tu."

"Ya kuanza ilikuwa ya dakika ngapi?"

Edgar alikohoa. Dereva, mtu wa makamo aliyeitwa Piusi, ambaye Selestina alimfundisha kusoma, alijifanya anakagua tairi.

"Mwalimu, ule ulikuwa umeme. Mimi ningeufanyaje umeme?"

"Kabla ya umeme kulikuwa na swali. Mjukuu wangu aliliona. Lilikaa pale mchana kutwa. Ulipokuwa mtoto, baba yako akikuuliza jambo, ulichukua kofia ukaondoka?"

"Bibi, nilidhani haitauliza..."

"Ulidhani! Umekuja kwetu, tumekupokea, umetufungulia mashine tumbo kama ng'ombe wa sikukuu, kisha umeyaacha matumbo juani ukaenda kutazama faru. Kwenu Machame ng'ombe huchunwa nusu? Baba yako angekuacha utoke hivyo? Na ulipoona mambo yameharibika dawa yako ni nini? Kufuta! Ili asijue mtu kwamba pamewahi kuwa na kitu." Hakupaza sauti hata kidogo, na kwa sababu hiyo wageni wote watatu waliacha kula ndizi. "Mzee yule alikuja kwako kwa miguu yake. Hivi sasa miguu hana, ulimi hana. Alichobakiza kiko mikononi mwako, na mikono yako imebeba mayai ya kuchemsha."

Edgar alivitazama visanduku. Masikio yake yalikuwa yameiva.

"Kaka," Piusi alisema kutoka upande wa tairi, bila kugeuka, "mimi faru nawajua. Nenda tu. Wageni wako nitawapeleka. Huyu mama akianza hamalizi leo."

"Nitamaliza," alisema Selestina. "Mimi humaliza."

*

Josephati aliwakuta wakiwa wamekwisha kuketi: Edgar mbele ya mashine, Mwalimu kulia kwake amenyooka kama anasimamia mtihani, Evarista nyuma. Sahani ya mfumo mpya ilikuwa juu ya meza, ndani ya karatasi yake. Josephati aliitazama, akamtazama shemeji yake, akaenda kukaa kando ya dirisha.

"Usiniambie Kiingereza," Selestina alimwonya Edgar. "Niambie kinachofanyika."

"Sawa, Mwalimu. Vifurushi vyote tulikwisha kuvishusha, vimo humu, hatuhitaji mtandao. Naiamuru mashine ivirudie vile vilivyofunguliwa bila kupangwa, ivimalize kimoja kimoja. Vile ambavyo havijafunguka itavifungua. Ikikwama kwa sababu kimoja kinamtegemea mwenzake, narekebisha huyo mwenzake kwanza."

"Na ulishindwa kufanya hivyo tangu jana?"

"Sikushindwa." Aliisukuma sahani kando. "Kufuta ni rahisi zaidi."

Aliandika amri. Mistari ikaanza kupanda kiooni, mirefu, ya haraka, kama chungu waliovurugwa. Evarista alishusha pumzi. Kisha mistari ikasimama ghafla, na kistari kikaanza kuwaka na kuzimika.

Kidole cha Edgar kilikuwa kimekwisha kugusa kitufe kikubwa cha pembeni, kile cha kukubali.

"Ondoa mkono!"

Edgar aliurudisha mkono kifuani kama aliyeungua.

"Ni lile swali, Bibi," Evarista alinong'ona. "Lile lile."

Selestina alivaa miwani yake. Kiingereza chake kilikuwa cha shule ya kati ya wamisionari, cha viboko na imla, na hakikuwa kimepata kutu. Alisoma hadi mwisho, akasoma tena, kisha akalieleza kwa Kiswahili ili kila mtu chumbani asikie.

"Inasema hivi. Kuna faili la mipangilio ya sauti. Faili hilo limebadilishwa na watu wa hapa. Si kama lilivyotoka kwa watengenezaji. Inauliza: niwawekee jipya la watengenezaji, au niwaachie lenu?" Alivua miwani. "Hili ndilo ulilotaka kulijibu bila kulisoma. Nani alilibadilisha?"

"Mimi, Mwalimu." Edgar alikuwa ameegemea mbele. "Mwaka jana. Kipaza sauti kilikuwa hakisikiki, nikahangaika nalo siku mbili hadi sauti ya mzee ikaingia. Nilikwisha kusahau."

"Mashine haijasahau. Ilikungoja mchana kutwa ikuulize kuhusu kazi ya mikono yako mwenyewe." Sauti yake ilipungua ukali bila yeye kupenda. "Ijibu."

Edgar akabonyeza herufi moja: liachwe lililopo. Mistari ikapanda tena.

Mashine iliuliza tena, na tena. Kila ilipouliza, Edgar aliondoa mikono, Mwalimu akasoma, wakajadiliana, mmoja akajibu. Kifurushi kimoja kilikataa kupangwa kwa sababu kilimtegemea mwenzake aliyepasuka umeme ulipokatika. Edgar alimtafuta katika ghala la vilivyoshushwa, akamfungua upya tangu mwanzo, na aliyegoma akapita kwa unyenyekevu. Evarista alileta chai. Josephati, ambaye alikuwa amekuja kungoja kushindwa kwao, alijikuta akisogeza kiti.

"Hiki nacho kinasemaje, shemeji?" aliuliza mara moja.

"Kinauliza saa zetu ni za wapi."

"Ala! Si za hapa?"

"Mjibu, Edgar. Mwenyekiti amesema za hapa."

Walicheka, hata Edgar. Ndipo mashine ikafika mwisho wa kazi, na ikatoa orodha ndefu.

"Haya ni mabaki," Edgar alisema, akijinyoosha mgongo kwa nafuu. "Vifurushi vya toleo la zamani. Havihitajiki tena na chochote. Inaomba ruhusa ivisafishe, tumemaliza."

"Nani kasema havihitajiki?"

"Yenyewe, Mwalimu. Inaangalia kama kuna programu nyingine inayovitegemea. Isipoona, inaviita mabaki."

Selestina alivaa tena miwani, akashusha kidole juu ya kioo, jina hata jina, kama alivyozoea kushusha kidole katika daftari la mahudhurio kutafuta mtoto aliyekosekana. Mengi hayakumwambia kitu. Katikati kidole kilisimama.

"Hili si jina la ile programu uliyonasia?"

Edgar alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo yenyewe. Na sauti ya mzee nimeihifadhi kwa namna yake. Nyingine haiwezi kuifungua. Ningekubali hapa..." Hakumaliza.

Hakuna aliyemmalizia. Nje gari la ng'ombe lilipita likilia. Selestina alitazama kiooni neno lile la Kiingereza, lile la *mabaki*, na jina lililoandikwa chini yake. Akaona kiti cha ngozi karibu na mlango, blanketi magotini, kidole kilichobaki sikioni hadi mkono ukachoka. Hasira iliyokuwa imemwongoza tangu Rhotia ikageuka ndani yake, ikatafuta pengine pa kuelekea, na pale ilipopapata, kwake yeye mwenyewe, hakupapenda.

"Iambie hapana," alisema. "Iambie kwamba kutotegemewa na mtu si kutohitajika."

"Ina nafasi ya ndiyo au hapana tu, Mwalimu."

"Basi hapana inatosha."

*

Edgar aliihamishia sauti kwenye kanda kwa waya kutoka mashine hadi redio, ili iweze kupigwa mahali pasipo umeme. Ijumaa alasiri Selestina aliiweka redio hiyo kwenye kigoda uani kwake Rhotia, ajaribu betri kabla ya kesho. Mahindi ya harusi yalikuwa yameanikwa kwenye mikeka. Nyuma ya nyumba wanawake walipepeta maharage wakitaniana. Bartolomeo alikuwa katika kiti chake.

Alibonyeza. Kanda ilikwaruza, kisha ikatoka sauti ya mumewe, nzima, pana, sauti ya mtu mwenye miguu miwili.

Ilisema kwa Kiiraqw kwamba njia ya watoto wetu na iwe na umande, vumbi lisiinuke mbele yao. Ikanyamaza.

Shimo la kwanza. Selestina alilikumbuka. Mkono wake ulikuwa umekwisha kwenda kwenye pindo la kanga ili amfute mzee mdomo, kazi ya kujaza kimya kile.

Kutoka kwenye kiti ikatoka sauti. Haikuwa neno. Ilikuwa nzito, ya kooni, na ilikaa mahali pake barabara, kama jiwe linalorudi katika alama liliyoiacha ardhini.

Mkono wa Selestina ulisimama hewani.

Kanda ikasema kwamba ng'ombe wao na wapande kutoka mtoni wameshiba, na fisi apotee njia. Ikangoja. Bartolomeo akaitikia.

Nyuma ya nyumba kupepeta kulikoma. Evarista alitokea pembeni akiwa na ungo mkononi, akabaki ameegemea ukuta. Mzee hakumtazama yeyote. Macho yake yalikuwa kwenye redio, na uso, ule upande uliobaki hai, ulikuwa wa mtu anayefanya kazi anayoijua. Kila sauti ilipomaliza mstari, alikuwapo.

Josephati aliingia uani kwa haraka yake, simu ya mkononi ikiwa sikioni. "Shemeji, yule kijana wa Arusha anauliza tumpe muda gani wa—"

Selestina alimwinulia kiganja. Josephati aliishusha simu, akatazama redio, kisha kaka yake. Kutoka mkononi mwake kijisauti chembamba kiliendelea kuuliza, haloo, haloo, mzee, unanisikia?

"Vua kofia, Josephati," alisema Selestina taratibu. "Ukae. Tunaulizwa."

Alikaa chini, juu ya mkeka, kando ya mahindi. Kanda ikasema mstari mwingine, ule wa mvua, ikanyamaza. Bartolomeo alivuta pumzi, na safari hii pumzi ilimkwamia njiani. Midomo ilitikisika bila kitu kutoka. Kimya kilirefuka. Selestina alikijua kimya hicho. Kila siku alikivuka kwa hatua moja na kufika upande wa pili kabla ya mumewe. Aliweka mikono miwili magotini, akaibana.

Akangoja.